Nilipiga kura ya Anko kwenye tuzo za wakosoaji wa filamu

Wakuu, hamjambo. Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini mchana. Hapo ndipo ilianza. Nimetoa kwenye diary yangu na sijaongeza chumvi.

Niko form three, nakaa Kiwanjani hapa Isiolo. Class nikiulizwa swali nasimama tu kimya mpaka mwalimu anachoka mwenyewe.

Anko Ekai, ndugu mdogo wa mama, anaandika mambo ya filamu kwenye gazeti huko Nairobi. Kila mwaka yeye na wakosoaji wenzake wanapigia kura filamu bora, mwigizaji bora, na kadhalika. Si zile za kila mtu kutuma SMS. Ni wao tu, na kila jina unalochagua lazima uandikie sababu, mistari miwili.

Alikuja kwetu na filamu zote kwenye laptop. Wiki nzima tulizitazama, pazia likiwa limefungwa, jua linapenya kwa matundu ya mabati kama nyota za mchana. Nikitoka kuchota maji naona kila mtu yuko ndani ya filamu. Hata vumbi lilikuwa linatembea polepole.

Mama akasema, "Wewe na hiyo laptop mtafunga harusi lini?"

Kuna filamu moja ilinikaa. Mama fulani anaonekana dakika chache tu. Anaambiwa kijana wake hatarudi. Hasemi kitu. Anaendelea kupanga vikombe, kimoja kimoja, vishikio vyote vikiangalia upande mmoja.

Niliota hivyo vikombe siku tatu.

Sasa hiyo Jumamosi Anko akatumwa Sericho na gazeti lake, akaandike kuhusu shida ya maji. Gari likapiga honi nje. Akaniachia laptop na karatasi ya kura zake zote na sababu, isipokuwa moja. Kwa mwigizaji bora wa kike alikuwa ameandika majina mawili, hajaamua.

"Jaza hizi kwenye fomu ya mtandaoni. Hiyo moja nitakupigia nikiwa njiani. Mwisho ni saa kumi na mbili, usinisahau mpwa wangu."

Saa kumi na moja, hajapiga. Nikimpigia, hapatikani.

Saa kumi na moja na nusu nikajaribu kutuma hivyo hivyo. Fomu ikakataa, haitaki nafasi wazi. Nisipojaza, kura zake zote zinapotea.

Wakuu, ningechagua mmoja wa wale wawili na hakuna mtu angenilaumu. Lakini vidole vilikuwa vyepesi, kama si vyangu. Nikaandika jina la yule mama wa vikombe. Sababu nikaandika hivi:

"Wengine walilia tukawaona. Yeye alipanga vikombe, tukalia sisi."

Nikatuma. Chini yake, jina la Anko.

Nikakaa hapo nikielea. Maneno yangu yalikuwa yanaenda kusomwa na watu wazima Nairobi!

Saa moja jioni simu ikalia. Gari liliharibika, wanalala Garba Tulla. "Ulichagua nani kati ya wale?"

"Wa kwanza," nikasema.

"Safi. Nakuamini."

Hapo ndoto ikakatika. Huyu mtu anakula kwa jina lake, na mimi nimelitumia halafu nikamdanganya.

Nilichojifunza ni kwamba kupenda kitu sana hakukupi ruhusa ya kukisemea kwa mdomo wa mtu mwingine. Nyinyi mngefanya nini? Nirukieni tu kwa comments, nitasoma zote hata kama sitajibu. Mimi nilifanya hivi.

Jumapili saa moja asubuhi nikampigia. Mimi, ambaye hata mama akiniambia nipige simu najificha choo.

"Anko, jana nilidanganya." Nikamweleza yote, nikamsomea ile mistari miwili.

Nikasikia mtu huko nyuma yake akiitisha chai.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Lakini kura si yangu tena. Lazima katibu wetu ajue, na wataitoa."

"Yule mama atapoteza?"

"Atapoteza hiyo moja. Nimwandikie katibu?"

"Hapana. Nitaandika mimi."

Nikafungua laptop. Nikaandika nilichofanya, kwamba Anko hakujua, na kwamba yule mama bado ndiye bora. Chini nikaweka majina yangu, yote matatu.

Nikatuma saa mbili na robo, nikaenda kuoga twende kanisa.