Chungwa kwa Mkono wa Kulia

Tangu afanyiwe upasuaji wa uti wa mgongo, shingoni, Elizabeti hakuwa amekanyaga kanisani kwao St. Mary's. Vidole vya mkono wake wa kulia havikuweza kushika kitu, na pale mlangoni watu husalimiana kwa mikono.

Hope, binti wa Kikenya aliyemsimamia mazoezi hospitalini, alimvisha miwani mikubwa iliyomfunika macho. Ndani yake Elizabeti aliona soko, na mzee wa katuni aliyengoja kupewa machungwa. Miwani ilifuata kila kidole chake kilivyokwenda.

“Leo tunapima kwanza mkono ulio mzima, Mama. Mpe kwa kushoto.”

Elizabeti akachukua chungwa kwa kulia. Likaanguka. Akachukua lingine, kwa kulia tena.

“Kushoto, Mama.”

“Nimpe mzee kwa kushoto?”

“Huyo ni katuni tu.”

“Katuni mwenye mvi.”

Hope akacheka, akaacha kipimo chake kando. Machungwa yaliendelea kuanguka, na Elizabeti kila mara akimwomba mzee radhi kwa sauti ya chini. La kumi na tisa, kidole gumba kilikutana na cha shahada. Chungwa likafika, mzee akainamisha kichwa.

Elizabeti akavua miwani, akanyoosha mkono uleule.

“Nisalimie, mwanangu.”

Hope akaupokea. Vidole vilibana kidogo sana, lakini vilibana.

“Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

“Basi Jumapili nitakwenda.”