Lango la Maili Kumi na Ng'ombe Kumi na Saba

Saa kumi na moja alfajiri Dorrie Maddigan anasimama mbele ya ubao mweupe uliotundikwa kando ya friji, jikoni kwenye shamba la mifugo la Kilderra. Anaandika jina lake. Halafu mkono unakwama.

"Kushoto au kulia?" anajiuliza kwa sauti.

"Kushoto," anajibu meneja, Col Pruett, bila kuinua macho kwenye kikombe chake. "Alhamisi ni kushoto."

"Najua Alhamisi ni kushoto. Nilikuwa nakujaribu."

"Haya, mama mkubwa. Nimefaulu?"

Dorrie anaandika "kushoto", anachukua chupa ya chai na kipande cha keki ya zabibu kavu, anatoka.

Ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa moja: kukagua maji. Visima tisa, kilomita mia mbili na sitini, mara mbili kwa wiki. Jumatatu huzungukia kulia, Alhamisi kushoto. Anayetoka huandika ubaoni upande anaoanzia, ili gari likimharibikia wajue pa kuanza kumtafuta. Joto likifika nyuzi arobaini na sita, kukosea upande ni kumkuta mtu amekwisha kufa.

Zamani Dorrie asingeuliza kushoto wala kulia. Siku hizi anauliza, na mwisho wa mwezi huu ameambiwa aache kazi. Sababu ni lango.

Kwenye ramani ya serikali, Kilderra imeandikwa kwa herufi nene kama mji. Mji wenyewe haupo. Kuna kilomita za mraba elfu sita za udongo mwekundu, mpaka uliopigwa kwa rula, na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wako likizo. Mto wake umeipa bahari kisogo: unatiririka kuelekea bara na kufia mchangani. Ramani ina ziwa pia, la buluu kabisa. Dorrie ameliona likiwa na maji mara tatu.

"Mara ya kwanza nilidhani nimepotea," anasema garini, akikwepa shimo. "Nikazima gari nikakaa. Bata juu ya maji, mahali nilipokuwa napita kwa gari. Nikasema, Dorrie, leo umechanganyikiwa."

Bibi yake mzaa mama alikuwa wa wenyeji wa mto huo, waliojua pa kuchimba kwa mikono mchanga ukatoa maji. Mwaka 1874 alikuja mzungu wa kwanza na kondoo elfu nne, ukame ukamaliza kondoo na yeye akaondoka. Mwaka 1909 mtambo ulichimba mpaka maji yakaruka juu, yanachemka, na kwa maji hayo ng'ombe wakaletwa. Palikuwa hata na baa, posta na kiwanja cha mbio za farasi, watu wakisubiri reli. Reli ikapita kwingine. Leo limebaki bomba la moshi la ile baa, na malisho yanayoitwa Kiwanja cha Mbio, ambako hakuna anayekimbia.

Malisho hayo ndiyo yanayopakana na Kisima cha Maili Kumi. Katikati kuna lango, na kiangazi chote lango hilo huwa wazi, maana ng'ombe wa Kiwanja cha Mbio hawana maji mengine.

Wiki sita zilizopita, Jumamosi, Dorrie na Col walipita hapo kwa gari moja. Lango lilikuwa wazi. Wakanywa chai chini ya mti ulio karibu, wakaondoka. Jumatatu Dorrie akarudi peke yake, akakuta lango limefungwa.

Hapo ndipo sheria ya huku ilipomponza. Sheria ni fupi, na mtoto huifahamu kabla ya kusoma: lango liache ulivyolikuta. Likiwa wazi liache wazi, likiwa limefungwa lifunge. Mwenye mifugo ana sababu zake, nawe mpita njia huna haki ya kubuni zako.

"Nilisimama pale robo saa," anasema. "Nikaita kwa redio, kimya. Nikajiambia, Col amelifunga, labda anataka kukusanya ng'ombe. Bosi akifunga lango, wewe ni nani ufungue? Nikapita, nikalifunga nyuma yangu."

Alhamisi alikuta ng'ombe kumi na saba wamekufa wamejibana kwenye waya. Maji waliyaona. Yalikuwa hatua mia tatu kutoka puani mwao.

Nani alilifunga? Mchangani hapakuwa na alama ya gari lingine. Col alisema si yeye, angekumbuka. Alibaki mmoja.

"Nami nikaanza kuamini," Dorrie anasema, na sauti inamshuka. "Nakumbuka niliacha kikombe changu juu ya nguzo ya lango, nikarudi kukichukua. Au hiyo ilikuwa Jumamosi nyingine? Labda nilirudi, nikashika kikombe, nikavuta lango. Usiku naliona lango likifungwa, ila mkono siuoni ni wa nani."

Col aliwaarifu wenye shamba, mjini, kwamba umri umemtupa mkono Dorrie. Wakaamua kufunga vifaa vya kupima maji vinavyotuma habari kwa setilaiti. Dorrie atapewa nyumba mjini, kilomita mia tatu na kumi kutoka hapa, karibu na dada yake.

"Mji una bomba," anasema. "Mtu wa visima anafanya nini mahali penye bomba?"

Leo Col amepanda tena gari la Dorrie, aone mahali pa kuweka kifaa kwenye tangi la Maili Kumi. Mwandishi wa makala haya amebanwa katikati, na mbwa yuko nyuma. Saa nne wanafika langoni. Liko wazi. Wanapita, wanasimama chini ya mti uleule, wanakunywa chai na keki.

Col anaeleza jinsi kifaa kitakavyofanya kazi, tena anaeleza vizuri. Dorrie anasikiliza, anafunga chupa, anakwenda kuwasha gari, kikombe chake mkononi. Col anabaki nyuma. Anamwaga masalia ya chai mchangani, anapita kando ya lango, na huku akiendelea kuzungumzia betri, anakamata chuma kwa mkono wa kushoto na kulivuta. Mnyororo unakaa kwenye msumari wake. Anaingia garini.

"Kwa hiyo betri inakaa miaka mitano," anamalizia.

Gari haliondoki.

"Twende basi."

"Lango, Col."

"Lango lina nini?"

"Geuka utazame."

Anageuka. Anatazama kwa muda mrefu, na wekundu unampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Halafu anashuka, anafungua lango, anatafuta jiwe kubwa na kuliegemeza. Anarudi kukaa, mlango wa gari ukiwa bado wazi.

"Baba alikuwa ananichapa nikiacha lango wazi," anasema. Alizaliwa kusini, kwenye mashamba madogo ya ngano na kondoo, ambako kila lango hufungwa.

"Mazoea yana taabu," Dorrie anasema.

"Niliwaambia ni wewe."

"Ndiyo. Na mimi nikawaambia huenda ni mimi. Wiki sita, Col. Wiki sita nalala na kile kikombe kichwani."

Macho yamemjaa machozi, na amekasirika, na papo hapo anacheka, hajui aanze na lipi. Col hana pa kutazama.

"Kesho nitawapigia simu."

"Leo."

"Leo," Col anakubali.

Visima vilivyobaki wanavikagua kimoja baada ya kingine. Boya la tangi moja, linalofungulia maji, limekwama, Dorrie analikwamua kwa ngumi. Anasema akiachiwa atafanya kazi mpaka mafuriko yajayo, yawe mwakani au baada ya miaka kumi. Anataka kuliona ziwa likiwa na maji mara ya nne.

"Vifaa vyao waweke tu," anasema. "Ila kifaa kikisema tangi limejaa, nani atakiambia lango limefungwa?"

Saa tisa alasiri wako jikoni. Dorrie anafuta jina lake, kama afanyavyo kila aliyerudi salama. Col ametoka kwenye simu. Anachukua kalamu na kuandika pole pole: Jumatatu, Dorrie, kushoto.

Dorrie anamnyang'anya kalamu, anafuta neno la mwisho kwa kidole, na bila kumwuliza mtu anaandika kulia.