Dakika Tano za Kukaa Kitako

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sijawahi kulificha hilo. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika: mmoja akaenda Kaptagat kukimbia na wanariadha, wengine wakafungua maduka Cheptiret. Mimi nikabaki kwa mama pale mtaani Langas, Eldoret, natengeneza redio na simu kwenye meza ya dirishani. Nikionekana dukani nikinunua chumvi, majirani walikuwa wakiniuliza kama tumefiwa. Mama naye aliwaambia wageni, "Huyu hata ukimtafuta usiku wa manane, humkosi. Hiyo ndiyo kazi yake."

Kwa hiyo haya nayasimulia bila kujivuna. Niliyaona yote kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mama alichomwa na msumari wa mlango wa banda la kuku, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo tu, tukakiosha kwa maji ya chumvi na kukisahau. Chenyewe hakikutusahau. Kilikataa kufunga, kikapanuka, kisha kikaanza kutoa harufu. Mama, ambaye hakuwa akikosa kikao cha akina mama wa kanisa, akaanza kuwatumia salamu kwamba ana mafua. Yalikuwa mafua ya miezi minane. Hakuna aliyedanganyika, ila walimpenda, wakakubali kwamba ni mafua.

Katikati ya mafua hayo akaja mtafiti. Alikuwa mwanamke wa rika langu, nesi wa vidonda aliyerudi shule kusomea mambo ya homoni. Alitueleza kwamba mwanamke akishakoma hedhi kuna homoni zinazopungua mwilini, na yeye alitaka kujua kama huko kupungua ndiko kunakofanya vidonda vya wengine vichelewe kupona. Alifuatilia pia homoni ya wasiwasi na presha ya damu, kwa sababu, alisema, mwili hauna ukuta kati ya chumba na chumba. Nilielewa nusu. Mama alielewa jambo moja tu: kila Alhamisi tutakuwa na mgeni, na mgeni huyo ataosha kidonda na kukifunga kwa bandeji safi, bila yeye kwenda kupanga foleni kwa mguu ambao haukuweza kusimama kutwa.

Shida ya kwanza ilikuwa mate. Mtafiti alihitaji mate kidogo kwenye kichupa, maana homoni ya wasiwasi hupimwa humo.

"Niteme mate mbele yako?" mama akauliza. "Mwanangu, mimi nilifundishwa adabu."

"Ni sayansi, mama."

"Sayansi nayo ingefundishwa adabu." Akachukua kichupa akaenda nyuma ya pazia. Akakirudisha amekifunika kwa kitambaa cha kochi, kile cheupe alichokishona mwenyewe, kana kwamba analeta keki.

Shida ya pili ndiyo iliyotaka kutumaliza. Mtafiti alitoa mashine ya presha akauliza, "Mama, umepumzika dakika tano?"

"Nimepumzika sana," mama akajibu, akiketi.

Mashine ikavuma, ikabana mkono, ikatoa namba. Mtafiti akaitazama, akapima tena, akakunja uso. Akatueleza masharti kwa upole: presha ikivuka mstari ziara tatu mfululizo, mshiriki anatolewa kwenye utafiti na kuandikiwa barua ya kliniki. Hata bandeji za Alhamisi zingekwisha. "Ndiyo maana tunapimia nyumbani," akasema. "Hospitalini watu wanaogopa, presha inapanda. Nyumbani mtu ametulia."

Ametulia! Mimi niliyekuwa dirishani niliona alivyotulia. Kabla mgeni hajafika alikuwa amefagia mara mbili na kunyoosha vitambaa vya makochi yote. Mgeni alipobisha, mama akakumbuka maziwa hayatoshi, akachechemea hadi kwa jirani anayeletewa maziwa kutoka kijiji cha Ziwa, akarudi, akapuliza jiko, akachemsha, akamimina, akaketi. Makalio yake yalikuwa hayajapata joto la kiti alipoulizwa kama amepumzika. Na kwetu hilo si swali. Ni salamu. Nani humwambia mgeni kwamba amechoka?

Alhamisi ya pili nilijitolea kishujaa. "Mama, leo wewe kaa. Chai nitapika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ee Mungu," akasema, na nadhani presha ilianzia hapo.

Aliketi, hilo nakiri. Lakini jikoni niliangusha sufuria, maziwa yakafurika juu ya jiko, moshi ukaingia sebuleni. Kila kishindo nilimsikia akiita, "Ni nini hicho? Ni kile kikombe cha maua?" Kilikuwa hicho hicho. Mashine ilipovuma, sikuhitaji kuambiwa namba. Mtafiti aliiandika. Mama alitazama bandeji yake mpya kama mtu anayetazama nguo ya kuazima.

Nilimsindikiza mtafiti hadi langoni, safari ndefu kwa mtu kama mimi, mita ishirini hivi.

"Daktari," nikamwambia, "mama yangu hajawahi kupumzika mbele ya mgeni tangu azaliwe."

"Lakini mimi namwuliza."

"Unamsalimia. Na ukipitia mlango wa mbele wewe ni mgeni, lazima ahangaike. Alhamisi ijayo pita nyuma. Ingia jikoni moja kwa moja, upike chai wewe."

"Sijui kama hilo liko kwenye fomu."

"Fomu inasema dakika tano za kutulia. Mimi nakuonyesha zilipo."

Alhamisi ya tatu mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilimketisha mama mapema nikamwambia mgeni atachelewa. Mara sufuria ikalia jikoni.

"Nani huko?"

"Ni mimi, mama."

"Daktari! Mgeni anaingilia jikoni kwangu? Na vile kulivyo!"

"Mimi si mgeni, mama. Majani yako wapi?"

Nilimwona mama akishika mkono wa kiti ili ainuke, nikajua tumeshindwa. Kisha, sijui ni nini kilichompitia, akaegemea nyuma. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwenye nyumba yake.

"Kopo la kijani. Si hilo, hilo ni la mchele. Na usijaze maji, hapa hatunywi mvua."

"Sukari?"

"Weka kama mtu anayetupenda."

Chai ililetwa. Mama alionja, akafikiri, akasema imezidi tangawizi, akanywa vikombe viwili. Akanigeukia, akidhani ananong'ona. "Unaona mtoto wa watu? Na wewe umekaa hapo kama pazia."

"Mama," mtafiti akasema huku akificha kicheko, "sasa tukae bila kuongea. Dakika tano."

Tukakaa. Katika jambo hili peke yake mimi ni mtaalamu, na nawaambia sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Kuku walijikunyata mlangoni. Nilitazama saa, nikatazama mguu, nikatazama saa. Kwenye dakika ya nne nilisikia mkoromo mdogo. Mama alikuwa amesinzia mbele ya mgeni, mdomo wazi.

Mashine ikavuma. Mama akafungua jicho moja. Mtafiti akasubiri, akapima tena ili ahakikishe.

"Nimepita?" mama akauliza.

"Iko chini ya mstari, mama. Unabaki."

Mama akavuta kanga usoni akajifanya anapangusa jasho, katika baridi ile ya Eldoret.

Tangu hapo mtafiti alipita nyuma kila Alhamisi. Baada ya kuosha kidonda aliweka juu yake karatasi ya plastiki angavu, akafuatisha ukingo wa kidonda kwa kalamu. Tulizoea kuuona mchoro ule ukipungua: kwanza kama kiganja cha mtoto, kisha kama jani la mchai, kisha kama punje ya mahindi. Mama alimfundisha kusonga ugali mgumu, mimi nilimtengenezea redio ambayo, nashuku, haikuwa imeharibika. Wakibishana jikoni, nilizima kila kitu mezani ili nisikie vizuri.

Halafu ikafika Alhamisi ambayo aliinua kalamu asipate pa kuchora. Ngozi ilikuwa imefunga, nyembamba na yenye kung'aa. Mama akaigusa kwa kidole, akalia waziwazi, akaimba. Mtafiti akaandika mambo yake ya mwisho, akaeleza kwamba kwa mama kazi imekwisha. Sijui homoni zile zilimwambia nini mwishowe. Aliahidi kutuletea majibu, na nadhani angeleta, ila kazini walimhamisha.

Alhamisi iliyofuata mama alivaa kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa. Kikao chao ni siku hiyo hiyo.

"Utabaki na nani?" akaniuliza mlangoni.

"Na redio."

Akacheka, akashika njia. Hakuchechemea hata kidogo; alitembea kama mtu mwenye habari za miezi minane za kufuatilia. Nilimtazama mpaka akapinda kwenye kona. Nilikuwa nimekiombea kidonda kile kifunge, kwa moyo wangu wote. Labda si upesi hivyo.