Usingizi Mtamu wa Lundo la Mboji

Mimi si mtu wa kulala kazini. Nilijitafutia nauli mwenyewe, nikafanya kazi Doha, nikarudi Nakuru na diploma ya usimamizi wa taka. Dampo letu la mboji likanichukua kwa majaribio, kazi yangu ikiwa moja: lori lolote lisimwage maji machafu ya viwanda vya chakula bila kibali changu. Kosa moja tu, naenda nyumbani.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umemeza hata ziwa. Baridi iliniuma, na lundo la mboji lilikuwa likifuka mvuke. Nikaliegemea kidogo. Joto likanipanda mgongoni, dampo likayeyuka, nikajiona ufuoni Doha, nikinyeshewa taratibu na mvua vuguvugu yenye harufu ya maziwa.

Simu ikanizindua. Alikuwa Madam, bosi wangu.

“Kuna lori limeingia?”

“Madam, nikiwa hapa hata tone halipiti!”

“Na hayo yanayokutiririka kichwani?”

Nikageuka. Madam alikuwa amesimama kando ya lori la kiwanda cha maziwa, simu sikioni, na bomba la mpira la lori bado likimwagia lundo langu maji machafu.

“Pole, boss,” dereva akasema. “Nilikuuliza, ukatabasamu. Nikajua umeruhusu.”