Nilifuta namba ya Dulo siku nyota ilipolipuka

Wakuu, salamu zenu. Nimepita miaka sabini, sina ninachotafuta kwa uongo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Garsen, nilishika raba nikafuta namba ya mtu mwingine. Laiti mkono wangu ungekataa.

Nilikuwa karani, nimeishia fomu foo. Mwalimu mmoja mgeni alituachia darubini ya macho mawili, ramani ya nyota na fomu za kujaza.

Kazi ilikuwa kupima mwanga wa nyota moja, kumbe ni mbili zinazozungukana. Moja humnyonya mwenzake gesi, na siku yoyote inaweza kulipuka. Unailinganisha na jirani zake, ambazo namba za mwanga wake zimo kwenye ramani, kisha unaandika.

Mwenzangu alikuwa Dulo, mfugaji Muorma wa Minjila. Shule hakwenda, lakini anga aliijua tangu machungani. Yeye alisema, mimi niliandika kwenye safu yake. Sharti: kila mtu na jicho lake.

Miezi mitatu nyota ilikuwa vile vile. Nikaanza (naona aibu) kujaza namba yangu mchana, jua likiwaka.

Siku moja baada ya Isha, Dulo akashusha darubini.

"Karani, ng'ombe wako leo amenenepa. Analingana na yule wa kulia."

"Hayo ni maziwa uliyokunywa, Dulo."

"Haya, tazama mwenyewe."

Nikatazama mara moja tu, macho yametoka kwenye taa ya chemni, hayajazoea giza. Sikuona tofauti.

Fomu zilikuwa ziende posta asubuhi. Niliogopa mwalimu akiona tunapingana atasema hatujui kazi. Dulo alipoondoka, nikafuta yake, nikaweka yangu kwenye safu yake.

Siku zilizofuata mawingu yakafunga.

Kisha barua ikaja. Nyota ililipuka! Watazamaji wengine wote wa mwalimu, huko kwingine, waliiona usiku uliofuata ule wetu. Mwalimu akauliza: "Garsen hamkuona chochote?"

Nilimsomea Dulo, nikakiri. Akaniambia:

"Ungeandika Dulo amekosea, ningevumilia. Wewe umeandika nimesema nisichosema."

Akaniwekea darubini mezani, akaenda zake.

Nilimwandikia mwalimu ukweli. Akajibu kwa upole kwamba namba iliyofutwa haiwezi kurudishwa.

Wakuu, namba ya mtu ni neno lake, hata kama wewe ndiye mwenye kalamu. Aliyewahi kuandika kwa niaba ya mwenzake aseme hapa alifanyaje, na mkinilaumu ni haki yenu.

Dulo alikuwa wa kwanza kuiona, na hakuna karatasi inayosema hivyo. Hakuketi nami tena mpaka alipozikwa.