Mashine Isiyosema Hakuna

Kabla ya kukuazima kitabu, mkutubi hukipangusa jalada kwa kiganja, kama mama anayemtengeneza mtoto kola kabla ya kumtoa nje. Miwani huipandisha kichwani, kisha huanza kuitafuta mezani, na wasomaji wamekwishazoea kumwonyesha kwa kidole bila kuinua macho. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walidhani atazikimbia. Wapi! Alijifunza kuandika programu kwa vitabu vya rafu zake mwenyewe, saa za chakula cha mchana, akitafuna karanga na kujifuta vidole kwenye sketi asije akachafua vibonye. Kilichomkera ni kimoja tu: mtu akikosa kitabu, mashine ilimjibu "Hakuna", kavukavu, kama karani anayetaka kufunga dirisha. Neno hilo akaling'oa.

Siku moja dereva mstaafu aliketi kwenye kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja: "Kile alichokuwa akinisomea marehemu mke wangu." Mkutubi alikuwa nyuma yake, amebeba vitabu hadi kidevuni, akayasoma maneno hayo. Skrini ikajibu alivyoifundisha: "Mimi sikijui. Muulize dada wa mezani."

Mzee akageuka. "Dada, mashine yako inanituma kwako."

"Imefanya vizuri, baba." Akavitua vitabu chini, akavuta kiti, akaketi ubavuni pake. "Haya, niambie. Akikusomea, mlikuwa mnacheka mkifika wapi?"