Upande Wake wa Kioo

Wateja huita kinyesi. Sisi tunaoyaondoa kwa riziki tunaita mavi ya ndege, na sijaona aliyekufa kwa kuyataja. Ya kunguru ndiyo mabaya kuliko yote, hasa msimu wa mabibo, kunguru wakishashiba huko kwenye mikorosho wakaja kutua juu ya majengo ya ofisi hapa Mtwara. Yanatoka ya kahawia, yana nyuzinyuzi, na jua likiyapiga siku mbili yanashika kioo kama gundi. Asiyejua kazi huchukua wembe akayakwangua makavu. Ndani yake mna mchanga, na ule mchanga unachora kioo. Kuna mtu aliharibu dirisha zima la ofisi kwa haraka yake, kisha akaja kuniuliza kama kuna dawa ya kufuta mikwaruzo. Nilimwambia ipo, inaitwa kununua kioo kingine.

Kazi yenyewe ni kuloweka. Unachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na siki kidogo, unakibandika juu ya doa, unasubiri. Kikianza kukauka unakilowesha tena. Yakishalainika unayainua na kitambaa kile kile, husugui, na ukibaki ukoko ndipo unapitisha wembe mpya, umelala bapa, kioo kikiwa kimelowa. Haya yote alinifundisha mume wangu. Nasema mume wangu kwa mazoea tu; huu ni mwaka wa nne tangu aniache.

Tulifanya kazi wawili, yeye nje juu ya ngazi, mimi ndani. Kioo mkikiosha pande zote mbili kisha ukabaki ukungu, ni vigumu kujua uko upande gani. Basi mnabishana. Mimi nagonga kioo kwa kidole, namwambia: kwako. Anafuta, hautoki, anagonga na yeye: kwako. Sauti haipiti vizuri, lakini midomo inasomeka. Kutwa nzima ilikuwa kwako, kwako, mpaka mmoja wetu afute na ukungu utoke, na huyo ndiye aliyechekwa hadi jioni. Mavi ya ndege peke yake hayakuwa na ubishi, maana ndege hanyi ndani ya ofisi. Yalikuwa yake. Akishabandika vitambaa alishuka, nami nikatoka, tukakaa chini ya dirisha kusubiri yalainike. Ile robo saa ndiyo iliyokuwa ndoa yetu hasa. Nyumbani Likombe tulifika tumechoka, tukala tukalala. Pale chini ya ngazi ndipo tulipotafuna mihogo ya kuchoma na kupanga maisha.

Maisha yalikosa kitu kimoja. Miaka sita, hakuna mtoto. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi Kitaya kando ya mto Ruvuma, mwanzoni aliniita mwanangu. Kufika mwaka wa tatu nikawa "wewe". Alikuwa akija mjini anakaa mkekani, anautazama ua wangu niliokwisha kuufagia, anasema, "Nyumba safi sana hii. Hakuna ntoto wa kuichafua." Nilikunywa mizizi aliyoniletea mpaka ulimi ukafa ganzi. Mume wangu alingoja mama yake aondoke, kisha akaniambia, "Mke wangu, hata kama ni kwako, tutazeeka wawili." Nilimwamini. Sikuwahi kumsikia akisema hata kama ni kwake, na wakati ule sikuona kasoro yoyote.

Mwisho nikaenda hospitali. Nilimwomba twende pamoja, akasema ana ngazi ya kutengeneza. Nilipimwa nikaambiwa rudi, nikarudi nikapimwa tena. Siku ya majibu daktari, mama mmoja mtaratibu, aliniambia sina tatizo lolote. Sasa mlete mwenzako, alisema, akanipa na karatasi.

Nilimfuata kazini moja kwa moja. Alikuwa ameshabandika vitambaa vyake juu. Aliponiona alishuka, lakini hakunisogelea. Alisimama akashika ngazi kwa mikono miwili, kama ndiyo iliyomsimamisha.

"Wamesemaje?"

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikaitazama ile mikono. Nikamfikiria mama yake, nikawafikiria wajomba zake, na wale jamaa wa kijiweni ambao humtania mwanamume wiki nzima kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikawaza pia, na hili ndilo lililoniponza, kwamba mimi tayari ninayo ahadi yake. Nikiubeba mimi mzigo huu, hautamwangusha mtu.

"Ni kwangu," nikasema.

Alifumba macho. Akaniambia pole, akanishika bega, akapanda tena kulowesha vitambaa. Ile karatasi niliichana nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu.

Mwaka haukuisha. Talaka aliileta mjomba wake, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, akaniambia mpwa wake ameona haya kuja mwenyewe. Ilikuwa talaka moja, maana yake eda nzima angeweza kunirejea. Nilikaa eda kwa dada yangu, na kila bodaboda iliyopunguza mwendo nje nilisema ndiye huyo. Ningeweza kumtuma mtu akamweleze ukweli. Sikutuma. Nina kiburi, nakiri. Nilitaka anirudie kwa kunitaka, si kwa kuwa amekutwa na kasoro. Eda ikaisha. Baadaye nikasikia ameoa binti wa huko huko mtoni. Nililia mpaka dada yangu akachoka kunibembeleza, akaniacha nilie.

Kazi ilibaki kwangu, kwa kuwa msimamizi wa jengo alinifahamu. Nikajifunza ngazi. Siku hizi naosha nje, nashuka, nazunguka, naingia naosha ndani, natoka tena kutazama. Nikishabandika vitambaa nasubiri huko huko juu. Kukaa pale chini peke yangu nimejaribu, nimeshindwa.

Msimu huu wa mabibo alikuja. Nilikuwa juu, asubuhi saa nne, nikaona kofia yake chini. Amekonda. "Habari za kazi, bibie," alisema, kwa adabu, kama unavyomsalimia mke wa jirani. Nilishuka. Hakuzungusha maneno.

"Mwenzangu hajashika mimba. Mwaka wa tatu huu. Mama anasema nimwache." Akatazama viatu vyake. "Nimekuja kukuuliza kitu, na nakuomba usinifiche. Kule hospitali walikwambiaje?"

Nilimfikiria yule binti. Nimemchukia miaka yote hii na sijawahi kumtia machoni. Nikamwona anakunywa mizizi ile ile, kutoka mkono ule ule, huku anaambiwa nyumba yake ni safi sana.

"Walisema sina tatizo," nikamjibu. "Walisema nikupeleke wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilidhani atakataa, atasema namwonea wivu mke aliyechukua nafasi yangu. Hakukataa. Alikaa kwenye baraza ya jengo, watu wakimpita kuingia ofisini.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma," akasema. Akavua kofia, akaishika magotini. "Mimi nilikuacha kwa sababu ya mtoto. Ningejua ni mimi, ningekwenda wapi? Ningebaki na wewe."

Alilisema kwa upole, bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kisha akasema hatamwacha yule binti, na kwamba atakwenda kupimwa. Nikamwambia ni vizuri. Akainuka, akaniaga, akatafuta bajaji.

Sikulia pale, kwa kuwa watu walikuwa wakipita. Miaka minne nimemlaani mama yake, nimewalaani wajomba zake, na usiku mwingine nimelilaani tumbo langu ambalo halina kosa. Ndio niliodhani wamenitenga naye. Kumbe nilimpoteza kwa neno langu mwenyewe, siku niliyompenda kuliko siku zote.